Yote Yamesimama, Madam Limi

Madam,

Msibani kwako Mkuu wa shule alisimama mbele ya jeneza akasema ulikuwa mwalimu hodari, mchapakazi, lakini mbishi. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani pamoja na dada zako, na hilo neno "lakini" likanikaa kooni kama mwiba wa sato. Nilitaka kunyanyuka nimjibu pale pale. Sikunyanyuka. Nilikuwa nalia, na mtu anayelia hasikilizwi, anapewa maji tu. Sasa macho yamekauka, kwa hiyo naandika.

Ni mimi, Minza wa Ngulyati, yule uliyemfundisha fizikia kuanzia Kidato cha Kwanza, ukamrudisha shuleni kufundisha kwa muda alipomaliza cha Sita na kukaa nyumbani akisubiri majibu. Uliniambia, "Njoo unisaidie madarasa ya chini, usije ukaozea shambani." Nikaja. Nilidhani nakuja kukusaidia kusahihisha madaftari. Sikujua nakuja kurithi ugomvi.

Nikupe habari za mji kwanza, maana hukuwahi kunywa chai kabla hujazijua. Msimu wa pamba umefunguliwa na wanunuzi binafsi wamejaa, kila mmoja na mizani yake na kibanda chake, wanaitana barabarani kama wauza nyanya. Baba anasema zamani alikuwa na mnunuzi mmoja wa kumlalamikia, sasa anao sita. Mitumba imefika hadi kwenye magulio ya ndani. Dada yako mkubwa amechukua kuku wako, na jogoo yule mwekundu bado anafukuza watu. Kaburi lako tumelisakafia. Hilo nililisimamia mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo letu.

Unakumbuka siku vitabu vilipofika? Kabla ya hapo darasa zima lilikuwa na vitabu viwili vya fizikia, kimoja hakina jalada, kingine hakina sura tatu za mwanzo. Halafu serikali ikaruhusu kila mchapishaji atoe vitabu vyake na kila shule ijichagulie. Mkuu wa shule akasafiri hadi Mwanza, akarudi na maboksi juu ya keria ya basi. Arobaini! Vinang'aa, vinanuka wino. Wanafunzi wa kike walivipepea usoni ili wainuse ile harufu. Wewe mwenyewe ulikichukua kimoja ukakikumbatia kifuani, nilikuona. Sitaki kumwonea Mkuu wa shule, Madam. Siku ile alikuwa na furaha kama baba aliyenunulia watoto wake viatu vyote kwa mara moja.

Kisha ukafika kwenye sura ya mawimbi.

Sisi ulishatufundisha mawimbi kwa kamba ya ng'ombe. Mmoja ameshika ncha moja mlangoni, mwingine ameshika nyingine ubaoni, unatuambia tutikise mara mbili kwa kila sekunde huku ukihesabu kwa saa yako ya mkononi. Hiyo "mara mbili" ndiyo frikwensi, ukasema. Tukapima kutoka nundu moja ya kamba hadi nyingine, tukapata mita tatu. Huo ndio urefu wa wimbi. "Mara mbili kwa sekunde, kila mara linasogea mita tatu. Kwa sekunde moja limekwenda mita ngapi?" Sita. Basi ndiyo kasi yake. Kasi ni frikwensi mara urefu wa wimbi. Hukuiandika ubaoni mpaka kila mmoja wetu alipoishika kamba ile. Viganja vilinuka ng'ombe mchana kutwa.

Na kitabu kipya, kwa Kiingereza chake kizuri, kilisema hivi: wimbi la maji likitoka kina kirefu na kuingia kina kifupi, kasi yake hupungua, mawimbi husongamana, kwa hiyo frikwensi huongezeka.

Ulisoma mara mbili. Ukaenda dirishani kwenye mwanga ukasoma mara ya tatu. Nilikuwa nimekaa mezani kwako nasahihisha. Ulisema kwa Kisukuma, taratibu, neno ambalo sitaliandika hapa kwa sababu umelala.

Siku ya pili ulilimaliza darasani kwa ng'ombe. Najua ulilifanya kwa ajili ya watoto wa Kidato cha Tatu, lakini mimi nilisimama mlangoni nikalisikia lote, na sasa nalifundisha vile vile, neno kwa neno. Ulimwinua Kwandu, binti wa mfugaji wa Mwandoya. Ukamwambia, "Ng'wanone, mwanangu, ng'ombe wa baba yako wanatoka luseni, kwenye mchanga mkavu, wanaingia mbugani kwenye tope. Wakifika topeni wanafanyaje?" Akasema wanapunguza mwendo. "Na nafasi kati ya ng'ombe na ng'ombe?" Inapungua, wanabanana. "Haya, simama pale pale tope linapoanzia. Kila dakika wanakufikia kumi. Wanaokupita kuingia topeni ni wangapi kwa dakika?" Kwandu akafikiri. Kumi, Madam. "Si wamebanana? Mbona hawajaongezeka?" Na yule binti akajibu, "Madam, ng'ombe hazai akiwa anavuka tope."

Darasa likavunjika mbavu. Wewe hukucheka. Ulisema, "Wimbi nalo halizai." Kasi inapungua, urefu wa wimbi unapungua, frikwensi inabaki vile ilivyotoka kwa aliyetikisa maji.

Kama ungeishia hapo, Madam. Lakini hukuishia. Ulikusanya vitabu vyote arobaini, ukaketi navyo Jumamosi nzima, ukakata ile sentensi kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwa mwandiko wako mnene: SI KWELI. PIMA. Mara arobaini.

Mkuu wa shule alipoona, alikuita mbele ya walimu wote. Alisema umeharibu mali ya shule. Alisema waliokiandika kitabu wana digrii kubwa kuliko zako, nawe ukamjibu kwamba mawimbi hayajasoma digrii zao. Hapo ulikosea, Madam. Naomba unisamehe, ila nitasema. Hukukosea kwenye fizikia. Ulikosea kumvua yule mtu nguo mbele ya walimu wadogo, wakati ungeweza kumfuata ofisini kwake. Baada ya siku ile hakuweza tena kukubali, hata kama angetaka.

Ndipo ikaja barua ya onyo. Ikaja na nakala kwa bodi ya shule, ikaingia kwenye faili lako.

Kisha mtihani wa majaribio wa wilaya. Aliyetunga swali la mawimbi alikuwa na kitabu kile kile mezani. Watoto wako wa Kidato cha Nne waliandika ulivyowafundisha, na darasa zima likapata sifuri katika swali lile. Wazazi walikuja juu. Mmoja alisema mwalimu anawafelisha watoto kwa kiburi chake. Bodi ikapanga kikao cha kukujadili, na mkaguzi kutoka Shinyanga aalikwe.

Sasa nafika mahali ninapopaogopa.

Nilikuja nyumbani kwako jioni ile. Ulikuwa unaosha vyombo uani. Ulinikaribisha matobolwa ya viazi vitamu na chai ya rangi, ukanionyesha kwenye karai la maji jinsi mawimbi yanavyobanana yakipita juu ya sahani iliyozama. Ulikuwa na furaha kama mtoto. Na mimi nikakuambia, "Madam, tuwaache waandike kama kitabu kinavyosema. Wapite mtihani kwanza. Ukweli watajifunza mbele ya safari."

Ulimwaga maji ya karai, ukalifuta, ukaliegemeza ukutani. Kisha ukaniuliza kama nimeaga nyumbani, kwa sababu giza linakaribia. Ulinifukuza kwa upole, Madam, na upole wako ulikuwa mzito kuliko ukali wako.

Siku nne baadaye ulianguka asubuhi ukijiandaa kwenda shule. Presha ulikuwa nayo tangu zamani, na dawa ulikuwa unazisahau. Sisemi barua ndiyo iliyokuua. Sina ushahidi, na wewe ulinifundisha nisiseme nisichoweza kupima. Ninachokijua ni kwamba uliondoka ukijua kuwa hata Minza amekuambia unyamaze. Hilo nimelibeba. Nililala nalo, niliamka nalo, nilichota nalo maji.

Baada ya matanga Mkuu wa shule aliniita. Akanipa vipindi vyako vyote, mpaka Kidato cha Nne. Alikuwa mtu wa huruma siku hiyo, alinipa hata kiti. Halafu akasema, "Sura ya mawimbi fundisha kama ilivyoandikwa. Tuyamalize."

Nikasema, "Hapana, Mkuu."

Sikujua kwamba neno hilo limo ndani yangu. Lilitoka kabla sijalipangia sauti. Akaniuliza kama nimesahau kwamba mimi ni mwalimu wa muda. Nikasema sijasahau. Nikasema kikao cha bodi kilichopangwa kumjadili Madam kifanyike vile vile, na mkaguzi aje vile vile, na mimi nitaleta maji.

Akainua uso. "Utaleta nini?"

"Maji, Mkuu. Tupime."

Nilijenga lile beseni ulilokuwa ukiniambia kila siku kwamba tukipata kioo tutalitengeneza. Kioo cha dirisha nilipewa na fundi seremala wa karibu na stendi, baada ya kumsihi siku mbili. Tukakizungushia mbao, tukaziba kwa puti, likavuja, tukaziba tena. Miguu minne kama meza. Chini yake shuka jeupe. Kwandu na wenzake walitafuta mota kwenye redio kaseti iliyokufa, tukaifunga kwenye ubao mwembamba unaogusa maji, na tukabandika kipande cha msumari upande mmoja wa mota ili inapozunguka itetemeshe ubao. Betri moja tu, isiende mbio. Nusu ya beseni tukalaza kipande kingine cha kioo, maji yapite juu yake yakiwa membamba kama ukucha. Jua la saa sita likawa taa yetu. Kila wimbi likachora mstari wa mwanga kwenye shuka, na mistari ile ikawa inakimbia.

Kwa kuwa macho hayawezi kuhesabu kitu kinachokimbia hivyo, nilikata kadibodi duara kama sahani, nikatoboa nyufa kumi na mbili pembeni, nikaipigilia msumari kwenye kipande cha fimbo izunguke. Ukiizungusha mbele ya jicho unaona kwa vipande vipande. Ukipata mwendo unaolingana na wimbi, kila unapoona, wimbi jipya limekaa pale pale lilipokuwa la kwanza, na maji yanaonekana yamesimama. Hapo ndipo ukweli ulipo: kama mawimbi ya maji mafupi yangekuwa na frikwensi yake tofauti, basi yale ya kina kirefu yakisimama, haya yangeendelea kutembea.

Siku ya kikao walitoka ofisini wote, wajumbe saba wa bodi, Mkuu wa shule na mkaguzi, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Na upepo ukaanza. Ule upepo wetu wa Bariadi usiojua kikao. Maji yakatetemeka yote, mistari ikavurugika, nikaona mjumbe mmoja anamkonyeza mwenzake. Nikasema, kwa sauti uliyonifundisha ya kufika dawati la mwisho, "Naomba waheshimiwa wasimame upande huu, wazuie upepo."

Wakasimama, Madam. Bodi nzima, na makoti yao, wakiwa ukuta wangu. Mkuu wa shule katikati.

Maji yakatulia. Nikawasha mota. Mkaguzi akapiga magoti kwenye vumbi bila kuambiwa, akapima kwa rula kwenye shuka: upande wa kina kirefu, kutoka mstari hadi mstari, sentimita tatu. Upande wa kina kifupi, mbili. Akainuka, akapokea sahani ya kadibodi, akaizungusha, akaangalia. Akampa Mkuu wa shule.

Mkuu aliizungusha haraka mno, kisha polepole mno. Nilimsogelea. Nilimwambia, "Taratibu kidogo, Mkuu. Sasa ongeza." Nikaona bega lake limeacha kuhangaika.

"Yamesimama," akasema.

"Upande upi, Mkuu?"

Aliendelea kuizungusha ile sahani. Ile mota ndogo ikasikika inavyolia.

"Yote," akasema. "Yote yamesimama."

Nilitamani uwepo. Sikulia. Mkaguzi alikuwa amehesabu kwa saa yake mizunguko kumi ya sahani kwa sekunde kumi na tano; kwa nyufa kumi na mbili, ni mara nane kwa sekunde. Nilichukua chaki nikaandika kwenye ubao wa mbao niliokuja nao: mara nane kwa sekunde, mara sentimita tatu, ishirini na nne. Mara nane kwa sekunde, mara sentimita mbili, kumi na sita. Kasi imeshuka. Urefu umeshuka. Nane ni ile ile. Nikasema hivi ndivyo Madam Limi alivyofundisha, na hivi ndivyo watoto wake walivyoandika wakapewa sifuri.

Mkaguzi alisema swali lile lisahihishwe upya, na limesahihishwa. Yule mzazi aliyetaja kiburi chako alinisimamisha sokoni akanisalimia kwa heshima kama mama, "Mwadila, mayu," akatazama viatu vyake. Nikamwitikia. Sikumwongezea neno. Ajitafunie mwenyewe.

Kuhusu barua yako ya onyo nilirudi ofisini mara tatu. Mara ya kwanza Mkuu akasema marehemu hahitaji faili. Nikamwambia marehemu hahitaji, ila mimi nahitaji. Mara ya pili akasema yuko na kazi nyingi. Mara ya tatu nilikaa kwenye benchi la nje kuanzia kipindi cha kwanza mpaka cha saba, na katibu muhtasi akawa ananipitia anatikisa kichwa. Mwishoni Mkuu akafungua mlango. Faili lilikuwa mezani. Alichukua kalamu, akaandika juu ya barua ile kwa mkono wake, "Imefutwa. Mwalimu alikuwa sahihi," akaweka sahihi. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba wamepata mwalimu wa kuajiriwa, muhula ukiisha hawatanihitaji tena. Nikamshukuru. Tulikuwa tunajua sote wawili kwamba hiyo ndiyo bei yangu, na sikuona ni kubwa.

Majibu yangu yametoka. Nimechaguliwa kusomea ualimu wa fizikia. Baba mdogo anasema nimepoteza bahati, wakati huu ni wa soko huria, nisome biashara, walimu wanakula chaki. Nikamwambia nitakula chaki.

Jambo la mwisho, halafu nikuache upumzike. Juzi nilikuwa Kidato cha Tatu, nafundisha mawimbi ya redio. Kituo kinarusha kwa kilohezi elfu tano, tutafute urefu wa wimbi. Nikagawanya kasi yake, mita milioni mia tatu kwa sekunde, kwa elfu tano, nikaandika kwa mbwembwe: mita elfu sitini. Nikageuka kuwatazama, mkono umeinuka. Kwandu.

"Madam," akasema, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ananiita mimi, "hilo wimbi moja linatoka hapa linakaribia Nassa kule ziwani."

Walicheka wote. Nilisahau ile kilo, yaani elfu, Madam. Jibu ni mita sitini. Damu ilinipanda usoni. Na katika ile hasira nilisikia ndani yangu sauti ya Mkuu wa shule, kabisa, ikitafuta cha kumnyamazishia yule mtoto. Ilikuwepo. Ilikuwa tayari mdomoni. Nilisimama nikiwa nimeishika chaki mpaka ikavunjika, kisha nikageuka ubaoni nikafuta sifuri tatu kwa kiganja changu, nikamwambia, "Asante, Kwandu. Kaa."

Nisamehe kwa jioni ile ya matobolwa. Sikuombi kwa sababu nimeshinda kikao. Naomba kwa sababu ulikuwa peke yako, na mimi nilikuwa wa mwisho kubaki upande wako, nikahama.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Lala pazuri, na waliosema "lakini" niachie mimi.

Ahadi yangu ni hii: popote nitakapokosea mbele ya watoto, nitafuta mwenyewe, kwa mkono wangu, wakinitazama. Na pale ambapo sijakosea, Madam, sifuti. Waje na bodi nzima.

Wako,
Minza